Namba hii kaisema nani? Uchambuzi wa kisa cha jengo la fleti nane

Mdogo wangu na mkewe waliniletea karatasi moja. Ilikuwa imechapwa vizuri, mapato upande huu, gharama upande ule, na mstari wa mwisho umekolezwa wino. Ilitoka kwa muuzaji wa jengo la kupangisha walilotaka kulinunua, na dalali aliwapa siku kumi za kuamua. Walikuja kwangu kwa sababu kazi yangu ni mahesabu, lakini kwa jinsi walivyokaa, wifi yangu ameishika ile bahasha kwa mikono miwili, nilielewa kwamba ushauri haukuwa haja yao. Walitaka kusikia neno ndiyo.

Fedha yenyewe ilikuwa akiba ya miaka kumi na moja ya watu wawili wanaoamka alfajiri. Kwa hiyo niliomba niikague karatasi ile taratibu, wakakubali, na wamenikubalia pia niandike yaliyotokea. Sarafu sitaitaja. Nimezigeuza namba zote ili bei ya jengo iwe 1,000, na kila kiasi kingine kimefuata uwiano huohuo. Asilimia hazibadiliki kwa kufanya hivyo, na msomaji anaweza kupima jengo lake kwa kipimo hikihiki.

Jengo lina ghorofa mbili na fleti 8 zinazofanana. Karatasi ilisema kila fleti inaingiza pango la 15 kwa mwaka, jumla 120. Gharama ni 18: kodi ya majengo 6, bima 4, umeme na maji ya sehemu za pamoja 5, usafi na ulinzi 3. Kinachobaki ni 102. Benki ilikuwa tayari kuwakopesha 700 kwa riba ya asilimia 8, mkopo wa miaka 20, na wao watoe 300. Marejesho ya mkopo wa namna hiyo ni 70.3 kwa mwaka. Ukitoa 70.3 kwenye 102 unabaki na 31.7, na hiyo ni asilimia 10.6 ya zile 300 zao.

Chini kabisa mdogo wangu alikuwa ameongeza mstari wake kwa kalamu: thamani ya jengo kupanda asilimia 5 kila mwaka, yaani 50.

"Dada, huo mstari peke yake ni zaidi ya asilimia 16 ya hela yetu," alisema. "Hata pango likiyumba, jengo linatubeba."

Nilijumlisha na kutoa mara mbili. Hakuna kosa hata moja la hesabu kwenye karatasi ile, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Mtu akishaona jumla imekaa sawa, anaacha kuuliza zile namba zilizojumlishwa zimetoka wapi. Kulikuwa na jambo jingine pia. Pango la 120 kwa mwaka ni 10 kwa mwezi, na 10 ni asilimia 1 kamili ya bei. Wanaonunua nyumba za kupangisha wengi wana kipimo cha haraka kinachosema pango la mwezi lifike angalau asilimia 1 ya bei ya kununulia. Namba inapotua palepale mnunuzi anapotamani itue, mimi huwa naisogeza kwenye mwanga.

Nilichora safu ya tatu pembeni ya karatasi na juu yake nikaandika: nani kasema, na amejuaje? Kila mstari tukaupa herufi. H kama kuna hati. M kama kasema mtu asiyefaidika na mauzo. F kama kasema mtu anayefaidika. S kama tumesema sisi wenyewe. Ilituchukua nusu saa. Mstari mmoja tu ulipata H, ule wa riba, kwa sababu barua ya benki ilikuwa ndani ya bahasha. Na hata barua hiyo, kama nitakavyoeleza, hatukuwa tumeisoma mpaka mwisho. Mingine yote ilikuwa F na S.

Pango

Tuliomba mikataba yote ya pango, kitabu cha risiti, na taarifa ya akaunti ya benki ya muuzaji kwa miezi 24. Dalali alisema hajawahi kuombwa vitu hivyo. Siku ya nne vikaja.

Karatasi ya muuzaji ilikuwa na mstari mmoja, "8 × 15". Hati zilikuwa na hadithi nne tofauti. Wapangaji watano walikuwa wanalipa 13.8 kwa mwaka, na fedha zao zilionekana zikiingia benki. Mpangaji mmoja, aliyehamia karibuni, mkataba wake uliandikwa 15. Fleti moja ilikuwa tupu kwa mwezi wa tatu. Na fleti ya 6 ilikuwa na mkataba wa 15, risiti 24 zilizokamilika, na hakuna senti yake hata moja benki.

Zile risiti nilizipanga mezani. Kitabu cha risiti kilikuwa kimoja kwa jengo zima, kwa hiyo namba za kila mpangaji zinaruka: huyu ana 112, inayofuata ni 119, kisha 127, kwa sababu katikati wamelipa wengine. Risiti za fleti ya 6 zilifuatana kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini na nne bila kuruka, wino mmoja, mwandiko umelalia upande mmoja. Miaka miwili ya malipo ilikuwa imeandikwa kwa kikao kimoja. Baadaye tuliambiwa anayekaa humo ni ndugu wa muuzaji. Sikutaka ugomvi na mtu, niliitoa tu fleti hiyo kwenye ushahidi.

Kuhusu yule mpangaji mpya, mkataba ulisema 15 na saini zilikuwepo. Ila malipo yake ya kwanza benki yalikuja mwezi wa tatu baada ya kuhamia. Tulipokwenda kuliona jengo tulikutana naye kwenye ngazi, tukajieleza sisi ni nani, na nikamuuliza kama pango ni 15 kweli. "Ndiyo," alisema, "lakini miezi miwili ya kwanza sikulipa. Ndivyo tulivyokubaliana, maana nilikuwa nasita." Kwa hiyo mwaka wake wa kwanza unaingiza 12.5. Mtu wa pekee aliyekubali bei ya karatasi alilazimika kubembelezwa kwa miezi miwili ya bure.

Mdogo wangu hakukata tamaa. Alisema tukipaka rangi, pango litafika 15 bila shida, maana majengo ya jirani yanatangaza 14 na 15. Hoja hiyo ilistahili kupimwa, kwa hiyo tulizunguka majengo matatu yanayofanana na lile. Mawili yalikuwa na vibao vya fleti tupu. Kwa kila kibao tuliuliza swali la pili ambalo watu hawaulizi: kimetundikwa tangu lini? Jibu lilikuwa miezi, si wiki. Bei iliyo kwenye kibao ni ombi la mwenye nyumba. Bei ya soko ni ile ambayo mtu ameshailipa, mwezi baada ya mwezi.

Wapangaji watano kwa 13.8 na mmoja kwa 12.5, wastani wao ni karibu 13.6. Nilichukua 13.5 kwa fleti zote 8. Jumla ikawa 108 badala ya 120.

Kisha fleti tupu. Karatasi ya muuzaji ilikuwa imejaa watu miezi yote 12, kama vile hakuna mpangaji anayehama duniani. Tukiiweka kando fleti ya 6, fleti 7 kwa miezi 24 ni miezi 168 ya pango. Kati ya hiyo, miezi 14 haikulipwa, na hapo sijaingiza ile miwili ya bure kwa kuwa nilishaitoa kwenye pango. Mingine ilikuwa ya fleti kusubiri mpangaji, na miwili ilikuwa ya mtu aliyehama usiku na deni lake. Kumi na nne kwa 168 ni moja kwa kumi na mbili. Yaani kila fleti, kwa wastani, inapoteza mwezi mmoja kwa mwaka. Katika 108, kinachokusanyika ni 99.

Wastani nao una udanganyifu wake. Mwezi mmoja kwa mwaka unasikika mdogo, lakini wapangaji hawahami kwa zamu. Rejesho la mkopo ni karibu 5.86 kila mwezi bila kukosa. Fleti moja kwa pango la 13.5 inaleta 1.125 kwa mwezi. Fleti tatu zikiwa tupu kwa wakati mmoja, tano zilizobaki zinaleta 5.6, na hapo hujalipa bima wala taa ya ngazi. Wakati ule tunakagua, mbili kati ya nane hazikuwa zinalipa. Walikuwa fleti moja mbali na ukingo kabla hata ya kusaini.

Mistari isiyokuwepo

Watu wakisikia kisa hiki hudhani shida ilikuwa zile risiti. Shida kubwa zaidi ilikuwa kwenye vitu ambavyo karatasi haikuvitaja kabisa.

Mistari minne ya gharama iliyokuwepo niliipitia haraka. Kodi ya majengo ya 6 ilitokana na makadirio ya zamani, na sehemu nyingine makadirio hufanywa upya jengo linapouzwa, kwa hiyo tuliuliza kwenye mamlaka husika wakatupa hesabu inayofika 8. Bima ya muuzaji isingetosha kulijenga jengo upya likiungua, na bima inayotosha ni 5. Bili za miezi 12 za umeme na maji zilijumlisha 7. Usafi na ulinzi ulibaki 3. Tofauti yote hapo ni 5 tu.

Matengenezo hayakuwepo. Nilipomuuliza muuzaji alinijibu bila kusita kwamba hana gharama hiyo, bomba likivuja anakwenda mwenyewe na boksi lake la vifaa. Namwamini. Hakudanganya. Lakini anauza jengo, mikono yake haiuzi. Kwa mnunuzi asiyejua kubadilisha hata koki, kila simu ya mpangaji ni fundi wa kulipwa. Tuliweka 1 kwa kila fleti kwa mwaka, chini kidogo ya pango la mwezi mmoja. Jumla 8.

Usimamizi nao haukuwepo, na hapa mazungumzo yalibadilika.

"Tutasimamia wenyewe," mdogo wangu alisema.

Wifi yangu, ambaye alikuwa kimya muda mrefu, aliuliza: "Nani?"

Kazi ya mdogo wangu ni ya safari, wiki mbili hayupo, wiki moja yupo. Wifi yangu anafanya kazi za zamu na ana watoto wawili wanaosoma. Simu ya saa nne usiku kwamba choo kimeziba ingepokelewa na yeye. Kumfuata mpangaji anayechelewesha, kuonyesha fleti tupu kwa watu kumi ili apatikane mmoja, kusimama na fundi asubuhi nzima, yote yangekuwa yake. Mstari ule ulionekana sifuri kwa sababu gharama yake ilikuwa imeandikwa kwenye usingizi wa mtu mmoja ambaye hakuulizwa. Nimeona mahesabu mengi ya namna hii, na karibu kila mara neno "wenyewe" lina mtu mmoja ndani yake. Kampuni ya usimamizi niliyoiuliza ilitaka asilimia 8 ya pango linalokusanywa, yaani karibu 8 kwa mwaka. Hata kama wifi yangu angeamua kuifanya kazi ile mwenyewe, 8 hiyo ingepaswa kuandikwa, iwe ni malipo yake, ili faida ya jengo isichanganywe na mshahara wa mtu.

Mstari wa tatu ni akiba ya vitu vikubwa vinavyochakaa polepole: paa, mabomba, pampu na matangi, rangi ya nje. Havidai kila mwezi, ndiyo maana husahaulika, lakini kila mwaka unaopita unakula sehemu yake. Njia yangu ni rahisi. Nachukua gharama ya kubadilisha, nagawa kwa miaka iliyobaki.

Na hapa nilikosea mimi. Nilikuwa nimeandika 10, na kwenye safu ya tatu nimejipa H kwa kujiamini, kwa kuwa niliona picha za paa. Ukweli ni kwamba kuna kipimo kingine cha haraka kinachosema gharama za uendeshaji wa nyumba za kupangisha hula karibu nusu ya pango. Nilipojumlisha gharama zangu zikafika 49 kwa 99, roho ikatulia, maana ni nusu. Nilikuwa nimefanya kosa lilelile la karatasi ya muuzaji, tofauti ni kwamba mimi niliegemea upande wa hofu.

Mkaguzi wa majengo tuliyemlipa alipanda juu ya paa mwenyewe. Akashuka akasema mabati si ya zamani, yamefungwa vizuri, yana miaka 15 mbele. Mimi nilikuwa nimeyapa miaka 7 na nusu kwa kuangalia picha. Gharama ya paa ni 45, hivyo badala ya 6 kwa mwaka ikawa 3. Mabomba 24 kwa miaka 12, ni 2. Pampu na matangi 10 kwa miaka 10, ni 1. Rangi 5 kwa miaka 5, ni 1. Jumla 7, na herufi ya mstari huo nikaibadilisha kutoka H ya uongo kwenda M ya kweli.

Mkaguzi huyohuyo alitupeleka kwenye fleti tupu ya ghorofa ya juu, akaweka kidole gumba kwenye ukuta wa bafu, chini ya dirisha, akabonyeza bila nguvu. Plasta iliingia ndani kama mkate uliolowa, na nyuma yake bomba lilikuwa linatoa jasho. "Hili halijaanza jana," alisema. Rangi mpya ilikuwa imepakwa juu yake. Alikagua bafu zote nane na kutukadiria 25 za matengenezo ya mwanzo kabla jengo halijaweza kupangishwa kwa amani.

Hizo 25 zilitufanya tuzitazame upya zile 300. Ada za uhamisho, mwanasheria, tathmini na gharama za mkopo zilifika 45. Kwa hiyo fedha za mfukoni zilikuwa 370, wala si 300. Hata kama kila namba ya muuzaji ingekuwa kweli, ile asilimia 10.6 ingeshuka kuwa 8.6 kwa sababu hiyo tu. Pia kulikuwa na amana za wapangaji sita, mwezi mmoja mmoja, jumla 7. Fedha hizo ni za wapangaji. Muuzaji asipozikabidhi siku ya mauzo, mnunuzi atazirudisha kutoka mfukoni mwake siku mpangaji anapohama. Karatasi haikusema neno juu yake.

Benki

Wifi yangu alikuwa na hoja moja iliyomtuliza kuliko zote: benki imekubali. Benki haiwezi kutoa 700 kwenye jengo bovu.

Tukaisoma barua ya benki mpaka ukurasa wa mwisho. Mambo mawili yalikuwemo. La kwanza, riba ya asilimia 8 ni ya miaka 3 ya mwanzo, baada ya hapo inafuata soko. Baada ya miaka 3 deni lingekuwa limebaki karibu 652. Riba ikipanda kufika asilimia 10, marejesho ya miaka 17 iliyosalia yangekuwa 79.9 kwa mwaka, kutoka 70.3. Hakuna mtu anayejua riba itakuwa ngapi, lakini hesabu inayosimama kwa riba moja tu haijapimwa.

La pili lilikuwa zito zaidi. Dhamana ya mkopo ilikuwa jengo pamoja na mishahara yao yote miwili. Benki ilichukua karatasi ileile ya muuzaji, ikaona 102 inafunika 70.3 mara 1.45, kiwango kinachopita kile cha 1.2 hadi 1.25 ambacho wakopeshaji wengi hukiomba, kisha ikaangalia kama mishahara inaweza kuziba pengo likitokea. Benki ilikuwa imejikagulia usalama wake, na kazi hiyo iliifanya vizuri. Kama uwekezaji unawafaa wao, hilo benki haikuulizwa.

Mstari wa kalamu

Tulipofika hapo gharama zilikuwa 46. Katika 99 zinazokusanyika kinabaki 53. Muuzaji alisema 102. Tofauti ya 49 imetoka hivi: pango lililokuzwa 12, miezi isiyolipwa 9, gharama 28. Na katika hizo 28, 23 ni za ile mistari mitatu ambayo haikuandikwa na ambayo hakuna aliyedanganya juu yake.

Kwa marejesho ya 70.3, jengo lingekula 17.3 kutoka kwenye mishahara yao kila mwaka. Uwiano wa 1.45 ulikuwa sasa 0.75.

Kuna namna nyingine ya kuliona jambo hili, nayo ndiyo iliyomfanya mdogo wangu aweke kalamu chini. Jengo la 1,000 linalobakiza 53 linazalisha asilimia 5.3. Mkopo unagharimu riba ya asilimia 8. Kila kipande cha 100 wanachokopa kinaleta 5.3 na kudai 8 kwa riba peke yake. Kwa karatasi ya muuzaji mkopo ulikuwa unawabeba, kwa sababu 10.2 ni zaidi ya 8. Kwa namba zilizokaguliwa mkopo uleule, jengo lilelile, unawazamisha, na kadiri wanavyokopa zaidi ndivyo wanavyozama zaidi.

Alibaki na mstari wake wa kalamu. "Lakini thamani itapanda, dada. Tutaumia miaka mitano, tutauza."

Nilikuwa nimeuacha mstari huo mwisho kwa makusudi, kwa sababu ulikuwa S, na dhana ambayo mtu ameiweka mwenyewe ni ngumu kuigusa. Muuzaji ukimkamata na risiti zake unasikia nafuu. Ndoto yako ukiikamata unasikia umenyang'anywa. Nilimwomba tusibishane juu ya mji utakuwaje wala watu watakuwa wangapi. Tuliangalia faili lile lile lililokuwa mezani. Jengo la kupangisha linanunuliwa kwa ajili ya kile linachobakiza, na thamani yake haiwezi kwenda mbali sana na hicho kwa muda mrefu. Ili ipande asilimia 5 kila mwaka, kitu fulani ndani yake lazima kiwe kinapanda. Mikataba ya wapangaji wale watano ilikuwa imefanywa upya ndani ya ile miezi 24, na minne kati yake pango halikuongezwa hata kidogo. Bili za maji na umeme zilikuwa zimepanda. Basi 5 hiyo ingetoka wapi?

Na hata kama ingetoka, ingekuja kwenye karatasi tu. Rejesho la mwezi ujao halilipwi kwa thamani iliyopanda, linalipwa kwa fedha taslimu. Kwa 17.3 kila mwaka, miaka mitatu tu ni karibu 52, kabla ya riba kubadilika, na kuuza jengo nako kuna gharama zake.

Nilimuuliza: "Tukiufuta huu mstari, bado unalitaka jengo?"

Alikaa kimya, kisha akasema hapana.

"Basi unaununua huu mstari."

Wifi yangu ndiye aliyeuliza swali la maana zaidi usiku ule: kwa bei gani lingefaa? Kwa sababu jengo lenyewe halikuwa baya. Paa lake ni zima, wapangaji watano ni watu wa kulipa, na pango la 13.5 ni la kweli. Kwa masharti yaleyale ya mkopo, asilimia 70 ya bei, jengo linajilipa bila faida wala hasara kwa bei ya karibu 754. Ili lifunike marejesho mara 1.25, na hivyo liweze kuvumilia mwaka mbaya, bei inapaswa kuwa karibu 600. Walituma ombi la 620, pamoja na masharti mawili: fleti ya 6 ikabidhiwe ikiwa tupu, na kila mpangaji asaini tamko la pango analolipa, amana aliyoweka na madai aliyonayo. Dalali alipiga simu ndani ya saa moja kusema muuzaji ameona ni matusi.

Siku kumi zikapita. Mdogo wangu alinipigia mara mbili usiku kuniuliza kama hatukuwa wakali mno. Nilimwambia sijui, na kwamba kama kuna namba mojawapo anayo hati ya kuibadilisha, tuibadilishe mara moja, kama tulivyobadilisha la paa. Hakuwa nayo.

Wiki ya sita dalali alirudi. Bei sasa 880, na karatasi mpya iliyochapwa vizuri kama ile ya kwanza. Safari hii hawakuniletea. Wifi yangu aliketi na kikokotoo chake: mkopo 616, marejesho 61.8, kinachobaki kwenye jengo 53, pengo 8.8 kwa mwaka. Akakataa kwa ujumbe wa mistari miwili. Aliponisimulia, alitaja kitu ambacho mimi ningeweza kukipita. Kwenye karatasi mpya, pembeni ya fleti ya 6, palikuwa pameandikwa: tupu.

Sasa wanaangalia jengo jingine, dogo, la fleti nne. Juzi usiku wifi yangu alinitumia picha ya jedwali lake. Safu ya tatu ipo, kwa mwandiko wake. Mstari wa usimamizi una namba, na mbele yake jina la kampuni. Mstari wa miezi isiyolipwa hauna kitu, ni penseli tu: nimeomba risiti za miezi 24 na taarifa ya benki, wamesema Jumatatu.